Kibweta kizuri hakitaki haraka

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana. Hakijazi chumba, hakiliwi wala hakinywewi, lakini kikiharibika nyumba nzima itajua. Nazungumzia kibweta, yaani kile kisanduku cha mbao ambamo mama huweka mkufu wake, vipuli, bangili na pete, na pengine barua moja au mbili ambazo si za kila mtu kusoma.

Nina sababu ya kulizungumza jambo hili. Miaka mitatu iliyopita binti wa dada yangu aliolewa, nami nikiwa mjomba ilinipasa nimpe kitu cha kukumbuka. Nikaingia katika duka moja mjini, nikaona kibweta kinachong'aa mpaka unajiona uso. Nikaambiwa ni mninga mtupu. Nikalipa bila kuomba kupunguziwa, kwa kuwa siku ya furaha haina mabishano. Bibi harusi akakichukua, akafuatana na mumewe kwenda Dodoma.

Haikupita miezi sita nikapata salamu. "Mjomba, kibweta chako kimekufa." Nilipokwenda kuwatembelea nikajionea mwenyewe. Kifuniko kimepinda kama jani kavu la mwembe. Kona mbili zimeachana. Ubao wa chini umepasuka katikati toka upande huu hadi upande huu, na pete ya ndoa ilikuwa imepita katika ufa huo ikaanguka nyuma ya kabati, ikatafutwa siku mbili huku mke na mume hawasemezani. Hapo nikaona kwamba kibweta kibovu si hasara ya fedha tu.

Nilikirudisha pwani kibweta kile kama mtu anayesindikiza mgonjwa, na nilipopata safari ya Tanga nikaenda nacho hadi Mkwaja, kwa mzee mmoja fundi ambaye nilikuwa nimesikia sifa zake. Kwa wasioijua, Mkwaja ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani. Ukitoka Pangani mjini unavuka mto hadi Bweni, kisha unashika njia ya kusini, bahari ikiwa kushoto kwako.

Nilimkuta mzee chini ya banda la makuti. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, akanikaribisha kigoda, halafu akanyoosha mkono kukipokea kibweta hata kabla sijaeleza. Alikinusa ndani. Akakigeuza tumbo juu. Akakwangua kidogo kwa ukucha pale chini, mahali ambapo vanishi haikufika. Kisha akasema: "Mwanangu, hiki hakikuuawa na Dodoma. Kilikufa siku kilipozaliwa."

Maneno yale ndiyo yaliyonifanya nikae naye siku mbili, na hayo aliyonieleza ndiyo ninayotaka kuwapa leo.

Jambo la kwanza ni mbao yenyewe. Kibweta huhitaji mbao yenye maua. Mafundi wakisema mbao ina maua, maana yake ni kwamba nyuzi zake hazikwenda moja kwa moja kama uzi wa nguo. Zimejikunja, zimepishana, au zimezunguka, hata mwanga ukiupiga ubao unaona mawimbi, mistari na vivuli vinavyohama unapougeuza mkononi. Mkangazi na mvule mara nyingi huwa na nyuzi zinazopishana, na zikipasuliwa vizuri hutoa michirizi kama utepe. Mninga hutoa mistari ya kahawia na nyekundu. Lakini maua makubwa kuliko yote hupatikana mahali ambapo mti ulipata taabu: penye panda, yaani pale shina linapogawanyika, penye nundu iliyoota ubavuni, na chini kabisa, shina linapoingia katika mizizi.

Sasa sikilizeni. Sehemu hizo tatu ndizo ambazo mpasuaji mbao hazitaki. Hazitoi ubao mrefu wa mlango wala wa kitanda. Huachwa porini zikaoza, au hutiwa katika tanuri la mkaa. Mzee alinionyesha nundu moja ya ukubwa wa kichwa cha ng'ombe aliyoinunua kwa mchoma mkaa kwa bei ya debe moja. Ndani yake, alisema, mna vifuniko sita vya vibweta. Mimi na wewe huenda tumekwisha kupikia wali kwa vifuniko vya namna hiyo.

Yeye mwenyewe siku hizi anatumia zaidi mwembe. Upande wa bara wa Mkwaja palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Humo hakatwi mti. Na hata nje ya hifadhi, miti yetu mizuri si ya kuchezea. Mpingo huchukua kiasi cha miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, ziliuweka mpingo pamoja na jamaa zake katika orodha ya miti ambayo haiuzwi nchi za nje bila kibali. Mwaka 2022 zikaongeza mininga na mikongo ya Afrika. Lakini mwembe mkongwe uliokoma kuzaa, au ulioangushwa na upepo katika shamba la mtu, mara nyingi una maua ya kushangaza: manjano, kijivu, waridi, na mistari myeusi myembamba iliyochorwa na ukungu ulioanza kuula mti. Ila una dosari yake. Dudu wanaupenda. Ukishaanguka, pasua upesi, na mbao zake zichovywe katika maji yenye boraksi kabla ya kupangwa zikauke.

Jambo la pili, na hapa ndipo kibweta changu kilipofia, ni kukausha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbao ni kinyume chake: usiiguse ingali mbichi. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, miaka yote, hata baada ya kuwa meza. Ukinywa hupanuka, ukitoa husinyaa. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Hubadilika kwa upana. Na ule wenye maua, kwa kuwa nyuzi zake zinakwenda huku na huku, kila sehemu husinyaa kwa upande wake, ndiyo maana hupinda na kupasuka kuliko ubao wa kawaida. Uzuri wake na ukorofi wake vimetoka mahali pamoja.

Kanuni ya mafundi wengi ni mwaka mmoja wa kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Mbao hupangwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu, na ncha zake hupakwa rangi au nta, kwa sababu ncha hukauka kwanza na kuanzisha nyufa. Asiyetaka kubahatisha atumie mizani. Pima kipande kimoja kila juma na uandike. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka kadiri hewa ya mahali pale inavyoruhusu.

Lakini hewa ya pwani si hewa ya Dodoma. Pwani ina unyevu mwaka mzima. Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba ni kavu kweli. Kwa hiyo hata mbao iliyokauka vizuri Mkwaja itasinyaa tena kidogo ikifika huko. Fundi mzuri anajua hivyo, na hutengeneza kibweta ambacho kinaweza kusinyaa bila kupasuka. Namna gani? Hilo ndilo jambo la tatu.

Tuseme unataka kibweta cha urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 12. Tafuta ubao mmoja wenye urefu unaozidi mita moja kidogo, na unene wa milimita 12 ukisharandwa. Kata pande zote nne kwa kufuatana kutoka katika ubao huo huo: mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Ukiziunganisha kwa mpangilio huo, maua yatazunguka kisanduku kama mto usiokatika, isipokuwa katika kona moja tu ya mwisho, nayo huwekwa nyuma. Kwa kifuniko, chukua kipande kinene chenye maua kuliko vyote, ukipasue katikati ya unene wake, uvifungue vipande viwili kama kitabu. Upande wa kushoto utafanana na wa kulia kama uso wa mtu na kioo chake.

Kuiranda mbao hii ni kazi ya adabu. Ukisukuma randa kwa nguvu, mahali nyuzi zilipogeuka itang'oa vipande na kuacha mashimo. Noa kisu cha randa mpaka kikate unywele wa mkononi, kipunguze kitoe unyoya mwembamba kama karatasi ya sigara, na pale panapokataa kabisa weka randa chini uchukue kikwangulio, yaani kipande cha chuma kilichokatwa kutoka msumeno mkuukuu. Mafundi wengi wa kwetu hutumia kipande cha kioo, nacho hufaa, ila angalia vidole vyako. Na funga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la mvule na la mpingo huwasha pua na kifua.

Kona hukatwa nusu pembe, ili mbao mbili zikutane bila ncha kuonekana. Gundi peke yake haitoshi hapo. Gundi ikikauka, pitisha msumeno katika kila kona mara mbili au tatu, kisha ingiza vijembamba vya mbao ngumu vyenye gundi. Mpingo hupendeza sana hapa, na chakavu cha mchonga vinyago kinatosha. Kama huna vibanio vya kununua, kata mpira wa ndani wa baiskeli uwe mikanda mirefu, uzungushe kwa kuvuta. Kabla gundi haijashika, pima kona kwa kona, kisha kona nyingine kwa nyingine. Vipimo viwili vikilingana, kisanduku kimekaa mraba.

Sasa ule ubao wa chini na ule wa kifuniko. Hivi havitiwi gundi kamwe. Chimba mfereji mwembamba ndani ya pande nne, ubao ukae humo ukiwa na nafasi ya milimita mbili hivi kila upande wa upana wake. Hapo unaweza kupanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na hakuna anayejua. Kibweta changu kilikuwa na ubao wa chini uliobandikwa gundi na kupigwa misumari pande zote nne. Ulipotaka kusinyaa ukakosa pa kwenda, ukapasuka.

Na hapa kuna hila moja iliyonifurahisha. Kisanduku hujengwa kizima, kimefungwa pande zote sita, hakina mlango. Gundi ikikauka, fundi hupiga mstari kukizunguka, sentimita 4 kutoka juu, akakikata kwa msumeno wa meno madogo. Kile cha juu ndicho kifuniko. Kwa kuwa vyote vilikuwa kitu kimoja, vitakutana sawasawa, na maua yatapita kutoka chini hadi juu bila kuvunjika. Bawaba na parafujo ziwe za shaba ya manjano. Chuma karibu na bahari hushika kutu kabla ya mwaka, na kutu huacha doa jeusi katika mbao.

Jambo la nne ni kumalizia, na hapa mzee aliniambia kwamba nusu ya kazi bado iko mbele. Msasa huanza na namba 120, halafu 180, halafu 240, na mwisho 320, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia. Neno lenyewe msasa, tukumbuke, ni jina la mti wenye majani ya kuparuza ambayo babu zetu walisugulia mbao kabla ya karatasi hizi za dukani. Baada ya msasa wa tatu, pangusa ubao kwa kitambaa chenye unyevu. Vinyweleo vya mbao vitasimama. Acha ukauke, sugua tena. Asiyefanya hivyo hushangaa kwa nini kibweta chake kina ngozi kama ya mtu aliyepigwa na baridi.

Kisha mafuta. Pwani mtu hukimbilia mafuta ya nazi kwa kuwa yako jikoni. Yanang'arisha siku ya kwanza, lakini hayakauki milele. Hunata, hukusanya vumbi, na mwisho hunuka. Yanayofaa ni mafuta ya kitani, ambayo hukauka yakikutana na hewa. Pakaza kidogo, ngoja dakika 20, futa yote yaliyobaki juu, acha siku moja, rudia. Hapo ndipo maua hufunguka, na yule aliyekuwa haoni kitu katika ubao mkavu huinua macho. Angalizo moja, na hili si la mzaha: vitambaa vya mafuta ya kitani vikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke au vitie katika maji. Juu ya mafuta yaliyokauka unaweza kupaka vanishi nyepesi mara tatu, au nta ya nyuki kwa anayependa mng'ao wa taratibu. Ndani usipake vanishi, harufu haitoki upesi. Tandika mahameli tu.

Nilipomuuliza mzee kuhusu vanishi akacheka. Akaniambia, "Hiyo ilikuwa yetu." Alikuwa na maana ya sandarusi. Katika karne ya 19, watu wa Mrima walichimba ardhini utomvu huu, uliodondoka kutoka misandarusi ya zamani sana na kufukiwa miaka isiyohesabika. Sandarusi iliyochimbwa ilikuwa na ngozi yenye vipele vidogo kama ya bata aliyenyonyolewa, nayo ilitengeneza vanishi ngumu sana. Ile mbichi iliyotoka mtini iliitwa chakazi, na ilidharauliwa. Wafanyabiashara wa Kizungu wakalipotosha neno hilo likawa jina la punda kwa Kiingereza. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, merikebu za Salem zilikuwa zikiipakia Zanzibar. Kule Salem ilisafishwa, ikawa vanishi, ikapakwa magari ya farasi na samani za matajiri. Mchimbaji wa Mrima alirudi nyumbani na shuka na shanga.

Sisemi haya ili tuwalaumu waliokwisha kufa. Nasema kwa sababu tunayarudia. Sandarusi iliondoka ikiwa gunia, mbao zinaondoka zikiwa magogo au mbao ghafi, na nundu inaondoka ikiwa mkaa. Anayefaidi ni yule anayemalizia. Na kumalizia, kama nilivyoona chini ya lile banda, hakuhitaji mtambo wa mamilioni. Kunahitaji kisu kikali, msasa, kopo la mafuta, na mtu aliyekubali kungoja. Kungoja huko ndiko tusikotaka kukulipia. Tunaingia dukani, tunaona vibweta viwili, kimoja cha fundi aliyengoja miaka miwili na kimoja cha aliyengoja juma mbili, vyote vinang'aa, nasi tunachukua cha bei rahisi. Halafu tunasema mafundi wetu hawajui kazi.

Basi, ndugu wasikilizaji, mkienda kununua, fanyeni kama alivyofanya mzee. Fungua, unuse: mbao mbichi ina harufu ya maji maji. Geuza utazame chini: ukiona misumari pande zote nne, kirudishe. Sukuma ubao wa chini kwa kidole. Ukicheza kidogo ndani ya mfereji wake, hiyo ni dalili njema. Funga kifuniko taratibu uangalie kama pembe zote nne zinagusa pamoja. Tazama kama maua yanazunguka kona au yamekatwa ovyo. Na kama rangi ni nzito mpaka huoni nyuzi, jiulize fundi alikuwa anaficha nini. Mwisho uliza mbao ilitoka wapi, na kama ina hati za Misitu. Anayeijua mbao yake atajibu kwa furaha.

Kibweta changu hakikupona chote. Pande nne zilikuwa mninga kweli. Mzee alizivunja, akaziacha zikauke mwaka mzima, akaziunga upya. Chini na juu akaweka mwembe. Nimekipeleka Dodoma mwenyewe, na kiangazi cha kwanza kimepita. Mpwa wangu ameniandikia kwamba kifuniko kinafunga bila kelele, na pete iko mahali pake.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.